Debe Lilipoanguka kwenye Foleni ya Sukari

Jumamosi, tukiwa tumechoka kwenye foleni ya sukari Kariakoo, debe tupu lilianguka kwa kishindo. Mwanamume mmoja akajitupa chini, akajifunika kichwa kwa mikono. Watu wakacheka.

"Tangu arudi vitani Uganda yuko hivi," mkewe alisema kwa aibu.

Bibi mmoja mwenye buibui akaacha nafasi yake, akaketi vumbini karibu naye. "Ni debe tu, mwanangu." Kisha akamuuliza mke, "Ndugu zenu wako wapi?"

"Moshi, bibi."

"Basi jioni mje kwangu. Yeye atakaa barazani na wanangu, wewe ulale kidogo."

Mke akalia. Sukari ikaisha kabla hatujafika dirishani. Redio ilishatangaza kwamba vita vimekwisha. Kumbe zipo nyumba ambazo hazijapata habari.