Pia Peke Yake

Chamgei nyinyi wote. Sogeeni karibu na jiko, na wewe wa huko nyuma acha kunong'ona. Nataka niwaambie vile neno moja dogo karibu limeze lori nzima.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati watu walianza kuleta bia kutoka nje. Mimi nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa mzee mmoja wa Merigi, upande wa Bomet, mwenye baa. Lori yake ilikuwa kuukuu, ikikohoa Merigi kuku wa Kimulot wanakimbia. Lakini hiyo ndiyo ilibeba majani chai kila asubuhi, ikalisha watoto, ikajenga nyumba. Lori ikienda, mzee ameenda.

Tukafika boda ya Tanzania, bia ikapakiwa ng'ambo. Agenti wa kuklia mizigo kwa kastam akatukalisha chini, akatuonya. Akasema mdomo useme tu kile karatasi inasema. Kukipatikana kitu kingine, hata kiberiti, kastam wanachukua mzigo na lori. Na mwenye mzigo aongee peke yake, mimi na dereva tunyamaze, kwa sababu watu watatu wakiongea wanatoa hadithi tatu.

Sasa mnatujua sisi Wakipsigis. B na P kwetu ni mapacha, hata mama yao anachanganyikiwa.

Afisa wa kastam alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akashika karatasi, akauliza mzee amebeba nini.

"Pia," mzee akasema.

Afisa akangoja. Mzee naye akangoja.

"Pia nini?"

"Pia ya chupa."

"Bia ya chupa nimeiona hapa karatasini. Nauliza, na pia nini?"

"Ni hiyo tu, afande. Pia peke yake."

"Mzee, pia haiwezi kuwa peke yake. Lazima iwe na mwenzake. Huyo mwenzake mmemficha wapi?"

Haki, mimi nilisikia wanasema neno moja. Nikashangaa mbona wanagombana na wanakubaliana.

Afisa akaamuru tushushe kila kitu. Askari mwenye bunduki akasimama karibu na gurudumu. Jua lilikuwa kali mpaka kivuli changu kilinikimbia. Nikishusha kreti, jasho langu lingenyunyizia chai yote ya Kericho. Mzee akanisongea. Akaniuliza, wale vijana wa ng'ambo walipakia tukiwa tunakula, nilikuwa nimeangalia wanaweka nini chini? Sikuwa nimeangalia. Dereva wetu, mtu wa ziwa ambaye huongea hata na tairi, alikuwa amefura mashavu kwa kunyamazishwa.

Chini kabisa, kwa kona, tukakuta gunia.

Mzee akashika mlango wa lori kama mtu anaaga ndugu. Askari akalivuta gunia, akalikung'uta. Hakukutoka kitu ila vumbi. Kumbe ni langu, lile mimi hukalia.

Afisa hakuridhika. Akamkazia mzee macho, akamuuliza anatoka wapi.

"Pomet."

Akaitafuta Pomet kwa kichwa chake, hakuipata. Macho yake yakaenda kwa mlango wa lori, pale imeandikwa na rangi nyeupe: BOMET. Akaisoma. Akaangalia mzee. Akaisoma tena. Halafu akakaa juu ya kreti, mabega yakaanza kutetemeka.

"Mzee wangu, hebu sema bia."

"Pia."

"Basi," akasema, akipangusa machozi. "Pakieni."

Tukipakia, dereva akafunguliwa mdomo. Akamfundisha mzee kama mtoto wa nasari: baba, babu, bibi, bia. Mzee alipigana na hiyo B mpaka mishipa ikasimama shingoni. Kreti ya mwisho ikipanda alikuwa ameishika hiyo B, hataki iponyoke tena maisha yake yote.

Muhuri ukagongwa. Lori ikanguruma. Afisa akaja dirishani, wakubwa wake wamesimama hapo nyuma wanasikiliza, akampa mzee mkono.

"Haya mzee, uwe na siku njema."

Mzee akakusanya ile B mpya yote, akaitoa kwa nguvu hadi askari akageuka:

"Asante, afande. Na wewe bia."