Mlenda Nilioung'oa Zuzu

Iko siku moja naikumbuka kila mvua zinapoanza, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nililia. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Nimetoka Tanga, nimeletwa Zuzu kwa wakwe, na Kigogo nilichokijua ni "mbukwa" tu ya kuamkia watu. Nilitaka mama mkwe anipende, na kijana akitaka kupendwa hukosa breki. Basi alipokwenda msibani Kibakwe, nikashika jembe nikapalilia shamba lake la uwele karibu lote. Kila kisichokuwa uwele nilikikata.

Aliporudi alisimama kando ya shamba. Mimi nasubiri sifa!

"Vile vijani vyenye maua ya zambarau umevipeleka wapi?"

"Nimeviondoa, mama. Si magugu?"

"Ule ni mlenda, mwanangu. Haupandwi, huota wenyewe, na sisi tukipalilia tunauruka. Ndio tunaoanika, tunautwanga, tunakula kiangazi chote. Sasa watoto watakula ugali na nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni nilikuja na njaa. Mama akalichukua jembe mkononi mwangu, kwa upole, akasema sitalishika tena mpaka nijue ninachokikata. Kwa mke wa mkulima, mwanangu, kunyang'anywa jembe ni kuambiwa bado hujawa mtu wa hapa.

Asubuhi yake akanipeleka kwenye pembe ya shamba, ilikobaki mimea michache ya mlenda ambayo sikuifikia. Akaniketisha chini. "Tazama. Nitakuja kukuuliza," akaenda zake.

Nilinuna kwanza, sikufichi. Lakini ua likiwa mbele ya pua yako utafanya nini? Nikalitazama. Loo! Ndani ya kile kikengele cha ua mlikuwa na mistari ya zambarau iliyokoza, inashuka mpaka chini kabisa. Na mle ndani alilala nyuki amelowa umande, hana nguvu hata ya kunikasirikia, nikamhesabu mabawa: manne. Jua lilipopanda wakaja wenzake, wanaingia mzimamzima, wanatoka na vumbi jeupe mgongoni, wanahamia ua la pili. Moyo ulinienda mbio. Shamba lote lile nililipita na jembe na sikuwa nimeona kitu!

Kisha akaja mmoja mwenye milia, akaning'inia hewani pale pale, akatua. Nikainama. Nikapiga kelele.

"Mama! Mama, njoo! Huyu si nyuki! Ana mabawa mawili tu, na macho yamejaa kichwa kizima!"

Alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Akainama naye, akatazama, akajipiga paja. "Nzi! Miaka yote namkimbia, kumbe nzi!" Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni, na mama akamwambia, "Njoo uone, mkwe wangu ana macho." Siku ile ile akanirudishia jembe.

Ile mimea ya pembeni tuliiacha ikomae, imwage mbegu. Mwaka ule mlenda tuliuomba kwa majirani, na kila bakuli nilikwenda kuliomba mimi mwenyewe. Nilistahili.

Sasa nakuona wewe na wenzako wa chuo kule Chimwaga. Unaelekeza simu kwenye ua, simu inakutajia jina, umeondoka. Jina ni zuri, lakini usiishie hapo. Kaa kidogo. Hesabu mabawa, hesabu petali, angalia nani anakuja asubuhi na nani anakuja mchana, kisha muulize bibi wa shamba lile wao mmea huo wanautumiaje. Kuuliza si ujinga. Na mahali ulipo mgeni, usikate kitu, wala usimhukumu mtu, kabla hujakaa naye chini ukamtazama vizuri. Haraka yangu iliwanyima watu kitoweo cha mwaka mzima, na nilidhani nafanya wema.

Mungu akujalie macho yenye subira, mwanangu. Na siku utakayokosea kama nilivyokosea mimi, akupe mtu wa kukuketisha, si wa kukufukuza.