Siku Ambayo Haimo Kwenye Dosye

Apollinarie hana saa ya ukutani, lakini ratiba anayo. Ameibandika nyuma ya mlango wa nyumba yake ya udongo pale Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale: Jumatatu kusoma Kifaransa, Jumanne kuandika Kiingereza, Jumatano Kirundi, Alhamisi imla, Ijumaa kurudia yote. Mwanafunzi ni mmoja tu, binti yake Doriane, mwenye miaka kumi na mmoja. Mwalimu ni yeye mwenyewe, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi huko Makamba, Burundi, kabla hajakimbia na mtoto mgongoni.

Msije mkadhani mama huyu anaidharau shule. Shule ipo, hata kengele yake inasikika mpaka uani kwake. Lakini Doriane alipofikisha umri wa kuanza, dosye yao, yaani faili la maombi ya kupelekwa nchi ya mbali, ilikuwa imepita hatua ya kwanza, na Apollinarie akajiambia kwamba miezi sita tu imebaki. Ya nini kumwingiza mtoto darasa ambalo hatalimaliza? Bora amfundishe nyumbani lugha ya huko waendako. Miezi sita hiyo sasa ina miaka mitano.

Na huko waendako, jamani, hakutulii mahali pamoja. Mleta habari ni jirani yao Thaddée, mwenye duka kijiji cha Misiera, ambaye hakuna tangazo linalobandikwa Base Camp, kwenye ofisi za makazi, asilisome wa kwanza. Akisema Kanada, ratiba inajaa Kifaransa. Akisema Australia, Kifaransa kinateremshwa na Kiingereza kinapanda. Mwaka mmoja alikuja mbio, jasho likimtoka. "Mama Doriane, ni Norvège! Nimesikia kwa mutu wa bureau, wale wa ofisi ya dosye!" Wakapoteza wiki tatu kutafuta kitabu cha Kinorwei, Kirundi kikiwa kimesukumwa pembeni kama kawaida. Mtoto akabaki na mwanzo wa lugha tatu na mwisho wa hata moja hana.

Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo kwa imla ya Alhamisi mama alitumia maneno anayoyajua kwa moyo: maelezo yao ya dosye, ya jinsi walivyokimbia. Kila mkimbizi anajua jambo hili. Ukisema leo mlikimbia jioni, na mwaka juzi ulisema alfajiri, basi wewe mwongo, na dosye inalala. Apollinarie aliona hapo kuna faida mbili katika kazi moja, mtoto ajifunze kuandika na pia asije akawaangusha siku ya mahojiano. Doriane akayaandika kwa Kifaransa, kwa Kiingereza na kwa Kirundi, wiki baada ya wiki. Kosa la herufi lilisamehewa. Neno la kuongeza halikusamehewa kamwe. Akiwa na miaka saba aliwahi kuongeza mstari mmoja, kwamba njiani mama alikuwa akimwimbia, na mama akaufuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Hiyo haimo," alimwambia. "Usiongeze."

Mwaka huu mwezi wa kwanza, ofisa wa Base Camp alimwambia waziwazi kwamba familia yao haitasafiri hivi karibuni, labda miaka mingine mitatu, labda zaidi. Apollinarie alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti, akahisi kuta zinamsogelea. Ndipo alipoikumbuka shule moja ya masista mjini Mbarara, ya bweni, inayopokea watoto wachache wa wakimbizi bila ada wakishinda jaribio la kuandika. Mtoto akishatimiza miaka kumi na miwili hawamchukui tena. Doriane alibakiza miezi miwili.

Siku ya jaribio walipokewa na Madamu Kellen, mwalimu wa lugha, Mnyankore aliyekulia katika kambi ya jeshi ambako baba yake alikuwa askari. Alimwambia Doriane aandike, kwa lugha yoyote anayoiweza, kuhusu siku aliyofurahi. Apollinarie akasimama dirishani. Aliiona kalamu inakwenda bila kusita, ukurasa mzima, na kwa mara ya kwanza tangu Januari akapumua vizuri.

Kisha akaitwa ndani.

"Mama, karibu. Mwandiko ya huyu mtoto iko sawa kabisa," alisema Kellen. "Kosa sioni. Lakini mimi naliuliza siku ya furaha, yeye naandika hii."

Karatasi ilianza na namba ya dosye. Ikafuata tarehe ya kukimbia, jina la kilima, watu waliokufa, mto waliouvuka. Mwishoni palikuwa na mstari: haya ndiyo maelezo yangu, sikuongeza kitu.

"Hii kitu naijua, mimi nalikulia kambini," Kellen akasema taratibu. "Ni ripoti ya askari. Si insha."

Apollinarie aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. "Doriane, mbona hukuandika siku ya furaha?"

"Lakini Mama, si Madamu ni mutu wa bureau?" mtoto akanong'ona. "Nikiongeza, watafunga dosye yetu."

Kellen aliikunja ile karatasi akamrudishia mama. "Ijumaa ingine rudi na yeye. Ukurasa moja tu, ya kwake mwenyewe. Baada ya hapo nafasi imeisha, mama yangu."

Kesho yake asubuhi ratiba ilibanduliwa mlangoni. Doriane alikaa na penseli mbele ya karatasi nyeupe mpaka uji ukapoa.

"Kwa lugha gani, Mama?"

"Yoyote."

"Sijui kunaanzwa wapi. Anza wewe nione."

Apollinarie akaichukua penseli. Siku ya furaha; zilikuwepo, bila shaka zilikuwepo. Akaandika jina lake, kilima alichozaliwa, tarehe waliyokimbia, na mkono ukataka kuendelea wenyewe. Akauzuia. Hofu ilimshika, kwa maana baada ya tarehe hiyo hakuona kingine kichwani mwake.

"Andika vile ulikuwa unaniimbia njiani," Doriane akamsaidia. "Uliniambia wewe mwenyewe, zamani."

Apollinarie akafungua kinywa ajaribu kuuimba, wimbo usije. Miaka mitano ya kukariri safari ile bila wimbo ilikuwa imeifanya iwe haina wimbo.

"Ulikuwa wimbo gani?" akamuuliza mwanawe.

Doriane hakujua, naye alikuwa mchanga mgongoni. Akaivuta karatasi upande wake, akaandika polepole kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwahi kuwamo kwenye ratiba: Mama aliniimbia, lakini wimbo ameusahau. Akainua macho kumtazama mama.

Apollinarie aligundua kwamba kifutio kimeshafika mkononi mwake. Akakiweka chini ya paja, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Ongeza," akasema.