Uso wa Radi

Juzi mwanafunzi wangu alichora radi ubaoni, hewa iliyochemka hadi ikawa plazma, kitu nilichokipigia hesabu maisha yangu yote. Ghafla nikasikia harufu ya ulezi uliolowa, kwetu Mollo.

Nilikuwa mtoto. Mchana ule ngurumo zilipoanza, bibi alifunika kioo kwa kanga, radi isije ikajiona ikaingia ndani. Mimi nikaelewa kwamba radi ina uso. Nikaifunua kanga nichungulie. Radi ikaupasua mkaratusi wa uani. Nikalia, nikijua nimeiita mimi.

Bibi alikuja mbio, nami nikasubiri kofi. Badala yake akaninong'oneza, "Umeiona? Inafananaje?"

"Nilifumba macho, bibi."

Akasonya kwa masikitiko.

Leo najua kioo hakikuwa na kosa. Lakini swali la bibi bado sijalimaliza.