Mtu wa Tatu Alikuwa Mama wa Uji

Juzi kwa maonyesho hapa Voi, karani mmoja wa ofisi ya maonyesho, tai shingoni, alisimama mbele ya mama wa Sagalla anayeuza uji.

"Mama, bila bima hutauza hapa. Uji ukiunguza mtu, nani atamlipa?"

"Kwani hiyo bima inanilinda mimi?"

"Hapana. Wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni ya bima. Inalinda mtu wa tatu, yule wa kupita tu akaumia. Haya, zima jiko uende."

Mama akaanza kutoa kuni polepole. Sisi wa kwa laini tukanuna na vikombe vyetu mkononi.

Upepo wa Voi mnaujua. Ulikuja ukang'oa nguzo ya turubai la ofisi yao, puu! mpaka kwa sufuria. Uji wote chini.

Mama akajifuta kwa leso, akamnyooshea karani kiganja.

"Mwanangu, leo wa kwanza ni wewe. Wa tatu ni mimi. Lete bima yako niione."

Karani akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Wapi!

Saa sita tulikunywa uji wa sufuria ya pili. Aliyepuliza moto ni karani, tai ameitupa begani. Ukifundisha watu kuhesabu mpaka tatu, angalia kwanza wewe umesimama kwa ngapi.