Pini Mbili za Katikati

Mpangaji wa kurasa za jarida la vipindi vya runinga, pale Nakuru, alikuwa na rula ya chuma aliyoipangusa kwa leso kila alipokohoa. Adero, aliyepika chai ofisini na mtoto mgongoni, alimzoea hivyo. Kurasa mbili za katikati zilikuwa boma la mpangaji: Jumamosi kushoto, Jumapili kulia, stesheni juu, saa zikishuka pembeni. Vipindi vya jioni alivipa nafasi ya kulala chali. Katuni za asubuhi alizibana hadi mama akitaka kuzisoma lazima afinye macho. Ila penye mkunjo hakuweka kitu. "Hapo pini za kufungia jarida zinapita," angesema, kama mtu aliye kanisani. "Ukiweka sura ya mtu, umemdunga."

Siku moja mwenye jarida, ambaye kila Jumapili alihubiri kwenye runinga, alitaka picha yake ivuke kurasa zote mbili.

"Boss, pini..."

"Kwani mimi ni wa pembeni? Ama umechoka na kazi?"

Mpangaji akaiweka picha katikati. Ijumaa jarida likaja: pini moja kwenye paji la uso, nyingine imefunga mdomo. Mpangaji akaitwa. Adero akasimama mlangoni na birika, akimwombea kimyakimya.

Mwenye jarida aliigonga sura yake kwa kidole.

"Hizi pini," akasema, "hazikupatikana za rangi ya dhahabu?"

Mpangaji akatoa kijitabu mfukoni, akaandika.

"Nitauliza wapiga chapa, boss."