Valvu ya Hita Niliyoikata

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Eldoret ikiwa imetuingia mifupani, Mama Jepkoech alipoleta pikapu yake kwenye gereji yetu pale Huruma. Kila alfajiri alikuwa akileta maziwa mjini kutoka Kaptagat. Alisema hita imekataa na maji yanadondoka chini ya boneti. Mzee Barasa, aliyenifunza kazi, alikuwa ameenda kutafuta spea. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijiona fundi wa mafundi.

Nikafungua boneti nikakuta valvu ya hita imepasuka. Kungoja mpya sikutaka. Nikaikata, nikaunganisha mpira unaoleta maji kwenye hita na ule unaoyarudisha kwa kipande cha paipu, maji yasifike tena kwenye hita. Maji yakakoma kudondoka, injini ikanguruma vizuri.

“Na hita je?” Mama akauliza.

“Itashika moto ukishaenda kidogo, Mama.”

Nilijua haitashika. Lakini kwangu mimi hita ilikuwa kitu cha starehe tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuzidi siku mbili.

Kesho kutwa yake mvua na ukungu vilifunika Kaptagat. Kioo cha mbele kikajaa mvuke kwa ndani. Mama alifungulia feni, ikampulizia baridi tupu. Akawa anafuta kioo kwa leso huku mkono mmoja uko kwenye usukani, na kona hakuiona. Pikapu ilitumbukia mtaroni ikalala ubavu. Alivunjika mkono.

Pikapu ilipovutwa hadi gereji, Mzee Barasa aliinama akatazama pale nilipounganisha mipira.

“Kazi ya nani hii?”

“Yangu, Mzee.”

“Na mwenye gari alijua?”

Nikatikisa kichwa. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye gari lingine lililokuwa likinguruma, akaniwekea mikono juu ya mipira miwili inayopenya ukuta wa kati ya injini na dereva.

“Ule mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwa injini,” akasema. “Valvu ndiyo mlango wake. Dereva akizungusha swichi kule ndani, waya unavuta mlango, maji yanaingia kwa rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, halafu yanarudi kwa huu wa pili. Feni inapuliza hewa katikati ya hiyo rejeta. Swichi ikiwa kwa moto, mipira yote miwili iwe moto. Mmoja ukibaki baridi, pengine mlango umekwama au rejeta imeziba.” Akanitazama. “Hewa hiyo ndiyo inakausha kioo. Wewe umemnyang'anya mama wa watu macho, ukamwambia umemtengenezea gari. Twende ukamwambie mwenyewe.”

Hospitalini nilisimama kando ya kitanda nikasema yote. Mama Jepkoech akasema polepole, “Ungeniambia tu, kijana. Ningengoja jua litoke ndio nishuke.”

Mwanangu, nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini hakuna tusi lililoniuma kama maneno hayo ya upole. Nilimfungia valvu mpya kwa mikono yangu. Hata hivyo, kwa muda mrefu alikuwa akiniacha nimalize kazi, kisha anamwita Mzee Barasa aikague. Alikuwa na haki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku hizi utakuta magari yasiyo na valvu hiyo kabisa. Maji ya moto hupita wakati wote, na kifuniko kilicho ndani ya dashibodi ndicho kinachochagua hewa ya moto au ya baridi. Jifunze yote mawili, na usiondoe kitu ambacho hujajua kinamfanyia nini aliye ndani ya gari. Ikibidi ukiondoe, mwambie mwenye gari kabla hajawasha injini, hata kama utaonekana fundi mbovu. Kuonekana mbovu kutakuumiza siku moja tu.

Mungu aongoze mikono yako, aupe ulimi wako ujasiri wa kusema kweli, na kila anayeondoka kwako afike kwake salama.